Shavu Langu la Kushoto

Watu wengi walidhani shavu langu la kulia ndilo lenye ugonjwa. Walinitazama sokoni Uriri, wakainamisha kichwa kidogo kwa huruma, wakaniuliza kama jino linanisumbua. Shavu la kulia lilikuwa zima kabisa, shavu la kawaida la mwanamke anayekula ugali kila siku. La kushoto ndilo lililokuwa limeingia ndani, na kwa sababu hiyo lile zima likaonekana limevimba. Nilieleza jambo hilo kwa miaka mpaka nikachoka. Mwishowe nilikuwa nikijibu tu kwamba ndiyo, linaniuma, na ninashukuru kwa pole.

Shimo hilo nililipata nikiwa na miaka kumi na mmoja. Wakati huo niliishi Kosele kwa nyanya yangu, kwa kuwa shule ilikuwa karibu na boma lake. Gego la chini lilioza, likafanya jipu, na jipu lenyewe halikupasukia ndani ya mdomo kama yanavyofanya mengi. Lilipasukia nje, katikati ya shavu. Nyanya alinikanda kwa maji moto yenye chumvi, na siku alipoona usaha akanipeleka zahanati. Huko waling'oa magego matatu na kunidunga penisilini siku saba mfululizo. Nilipona. Lakini nyama iliyoliwa na lile jipu haikurudi, na ngozi ilishikana na mfupa. Nilipokuwa nikikua, uso wote ulikua ila mahali pale, kama shuka iliyoshikwa na mshono mmoja katikati.

Sikukaa nikilia juu yake. Nilisoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikaajiriwa katika shule ya msingi mwendo wa dakika ishirini kutoka kwa mama yangu, ambaye alikuwa akilima tumbaku na mahindi hapo Uriri. Lakini uso ulinifundisha tabia. Nikiandika ubaoni niliwageukia watoto kwa bega la kulia tu, kamwe si la kushoto, na miaka sita ya kufanya hivyo iliniachia maumivu ya shingo. Kanisani nilikaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Mwanamume mmoja wa Mbita alinichumbia, na dada yake alipokuja kutuona alimuuliza mama, mbele yangu, kama watoto nitakaowazaa watakuwa hivyo. Mama alimwambia kwamba jipu la jino halirithiwi. Hawakurudi.

Aliyenitoa nyumbani hasa ni mkaguzi wa shule. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Aliketi nyuma ya darasa langu, akasikiliza somo la hesabu za sehemu mpaka mwisho, kisha tukiwa chumba cha walimu akasema mbele ya wote kwamba somo lilikuwa zuri, ila mwalimu hapaswi kufundisha akiwa na peremende shavuni. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Nilisimama mbele yake, nikafungua mdomo wazi, nikamwonyesha. Alitazama, akatazama karatasi zake, akaanza kuzungumzia choo cha wasichana.

Mwenzangu aliyefundisha darasa la tatu alinifuata nje. Aliniambia kuna daktari wa meno anayekuja Homa Bay Jumanne ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, anapokea watu katika chumba cha kukodi nyuma ya maduka, na kwamba alimtengenezea shangazi yake meno ya bandia yanayotafuna hata muwa. Nilimwambia sitaki kutafuna muwa. Akasema niende tu.

Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, mpole, na alikuwa na mikono safi sana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akachukua rula, akanipa kioo nishike, akaanza kunipima uso.

"Madam, shida yako si shimo peke yake," akasema. "Hebu tuangalie uwiano."

Akanionyesha kwamba uso una sehemu tatu: kutoka nywele hadi nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka hapo hadi kidevu. Sehemu yangu ya chini, alisema, ilikuwa fupi upande wa kushoto, kwa sababu magego hayakuwapo kushikilia taya. Kwa kutafuna upande mmoja miaka yote hiyo, kidevu kilikuwa kimesogea. Kona ya mdomo ilikuwa imeshuka. Hata pua, ukiifuatisha na rula, ilikuwa imeinama kidogo. Aliyasema haya yote bila ubaya, kama fundi anayekuonyesha kwamba mlango haufungi kwa sababu fremu ilipinda kabla yake. Mimi nilikuwa nimeshika kioo na kuiona pua yangu kwa mara ya kwanza.

Nilimuuliza linaweza kufanywa nini. Alisema nchi za nje wako na dawa za kujaza, wanazidunga chini ya ngozi. Ile inayojulikana zaidi inatengenezwa kutokana na ngozi ya ng'ombe, na madaktari wachache wa Nairobi wanayo. Lakini inayeyuka baada ya miezi michache, na kwa shimo lenye ngozi iliyoshikana na mfupa haiwezi kusaidia kitu mpaka ngozi ikatwe iachane kwanza. Njia nyingine ni kutoa mafuta tumboni mwangu mwenyewe na kuyapandikiza shavuni, kazi ya daktari mpasuaji, nayo pia ni Nairobi. Yeye mwenyewe angeweza kunitengenezea meno ya bandia yenye ukuta mnene upande wa shavu, yalisukume kutoka ndani.

"Na hapo litakuwa sawa na lile lingine?" nikauliza.

"Halitakuwa sawa," akasema. "Litakaribia."

Aliniambia nirudi Jumanne nyingine apige chapa ya taya kwa ajili ya hayo meno. Sikurudi. Nilikuwa nimekwenda kwake na kasoro moja, na nilirudi Uriri na tano. Usiku huo na siku nyingi zilizofuata sikuweza kupita karibu na kioo bila kutafuta ile pua. Nilijaribu kutafuna upande wa kushoto, kwenye fizi tupu, nikajiumiza. Hasira yangu juu ya yule daktari ilikuwa kubwa kuliko kosa lake, nilijua hivyo, na kujua hakukuipunguza.

Mama hakupenda safari ile. Kwake mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara, na uso ni wa kunawa asubuhi na kusahau. Jioni moja tukipukuchua mahindi nilimjibu jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kulisema. Mama alikuwa wa kizazi kile kilichong'olewa meno sita ya chini, kama ilivyokuwa desturi yetu, na mdomo wake wa chini ulikuwa umeingia kidogo kwa sababu hiyo.

"Hata wewe ulitengenezwa uso, mama," nikamwambia. "Ulitengenezwa ili uonekane mtu kamili. Mimi nikitaka hivyo hivyo, mbona inakuwa kiburi?"

Alipukuchua gunzi alilokuwa nalo mpaka likaisha punje.

"Mimi sikuulizwa, nyathina," akasema.

Aliniita mtoto wangu, kwa sauti ya kawaida, kisha akachukua gunzi lingine. Nikapukuchua langu kwa hasira.

Likizo ya Agosti, yule mwenzangu wa darasa la tatu alikuja na habari nyingine. Katika saluni moja mjini Migori kulikuwa na mama anayekuja kila baada ya wiki chache, anadunga watu dawa ya kujaza uso. Alisemekana aliwahi kufanya kazi hospitalini ng'ambo. Mwenzangu alikuwa ameona kwa macho yake mwanamke ambaye makovu yake ya tetekuwanga yalijaa yakalingana na ngozi. Nilimuuliza kama dawa hiyo inayeyuka. Akasema hapana, hii inakaa.

Hiyo ndiyo niliyotaka kusikia, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Yule mama alikuwa na uso laini na sauti ya chini. Hakutoa rula. Hakunitajia pua wala kidevu. Alinikalisha nyuma ya pazia, mahali walipoweka mataulo na makopo ya dawa ya nywele, akanishika shavu kwa kiganja chake chote na kusema, "Dada, hii shimo ni kidogo. Tunajaza tu." Nilitokwa na machozi, maana hakuna mtu aliyewahi kulishika shavu hilo hivyo. Dawa ilikuwa nzito, angavu kama maji, katika chupa ndogo isiyo na karatasi ya jina. Sindano ilikuwa nene. Maumivu yalikuwa makali mpaka nikayasikia sikioni, na alipomaliza alinikandakanda kwa vidole gumba muda mrefu, kama mtu anayefinyanga shingo ya mtungi. Akaniambia nisilalie upande huo siku tatu na nisile kitu kigumu.

Uvimbe uliposhuka, mashavu yangu yalikuwa mawili.

Sitasema uongo juu ya miezi ile. Nilikaa katikati ya benchi kanisani. Nilifundisha nikigeuka bega lolote. Sokoni hakuna aliyeniuliza juu ya jino. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeona kilichobadilika. Waliniambia nimenenepa, au nimependeza, au nimesuka vizuri. Miaka kumi na tisa watu waliona shimo, na lilipoondoka hawakukumbuka lilikuwa wapi. Hata hilo lilinikera. Mama peke yake alijua. Alinitazama siku niliporudi, akaniuliza kama iliuma, nikasema kidogo, na hakulizungumzia tena.

Mwezi wa saba baada ya sindano shavu lilianza kuwasha kukiwa na baridi ya asubuhi. Kisha nikalipapasa na kukuta kitu kigumu, kama punje ya njugu. Baada ya wiki mbili zilikuwa tatu. Ngozi iliyozifunika ikawa nyekundu-nyeusi na ya moto, na ile dawa, au sehemu yake, ikaanza kuteremka kuelekea kwenye taya, mpaka shimo likarudi juu na chini yake kukawa na uvimbe. Nilikwenda Migori mara tatu. Mwenye saluni aliniambia kila mara kwamba yule mama amesafiri, na mara ya tatu akaniomba nisisimame mlangoni kwa sababu wateja wanaangalia.

Kwa hiyo nilirudi Homa Bay kwa yule daktari niliyeapa sitamwona tena. Alinipapasa shavu kwa kidole gumba, nje na ndani, kwa muda mrefu. Nilimwona akikasirika pole pole.

"Ulidungwa nini?" akauliza.

Nikasema sijui.

Nimewahi kuulizwa maswali mengi magumu, kwenye mitihani na mbele ya wazee wa kanisa. Hakuna lililonishusha kama hilo. Mimi ambaye nilikuwa nikiwakemea watoto kwa kunywa maji bila kuuliza yametoka wapi, nilikuwa nimeacha mtu anijaze usoni kitu nisichokijua jina.

Alisema huenda ni mafuta ya aina fulani, au silikoni isiyo ya hospitali. Haikai mahali pamoja kama maji ndani ya mfuko, alisema. Inaingia ndani ya nyama kama mafuta yanavyoingia kwenye kitambaa, na mwili unaijengea ukuta punje kwa punje. Alinipa dawa za kupunguza uvimbe na kuniandikia barua kwa daktari mpasuaji aliyemfahamu. Nilipasuliwa mara mbili, kwa kupitia ndani ya mdomo, na kati ya upasuaji mmoja na mwingine niliishi kwa uji na mchuzi wa samaki. Walitoa walichoweza. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa bila maneno, lakini baadhi ya wenzangu walisema ndivyo inavyokuwa kwa mtu asiyeridhika alivyoumbwa. Walewale walionitazama kwa huruma miaka yote. Niligundua kwamba huruma yao ilikuwa na masharti, nami nilikuwa nimeyavunja.

Mama alikuja kukaa nami wiki mbili. Alinipikia uji, akaupoza, akanipa. Nilingoja aniambie kwamba alinionya. Hakuniambia, na wakati mwingine nilitamani aseme ili nipate mtu wa kugombana naye.

Nilipopona, daktari wa meno alinitengenezea yale meno ya bandia yenye ukuta mnene, yaleyale aliyonieleza mwanzoni. Yaliposukuma shavu kutoka ndani, nilijitazama na kuona kwamba alikuwa amesema kweli. Halikuwa sawa. Lilikaribia. Ila sasa kulikuwa na kinundu kwenye taya, kama haragwe, ambacho hakikuwapo kabla, na ambacho hakuna meno ya kukificha.

Nilikuwa nikienda kwake mara mbili kwa mwaka arekebishe meno. Katika ziara moja, miaka ya tisini ikielekea kuisha, aliniambia kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake kwamba kumetoka dawa mpya ya kujaza. Si ya ngozi ya ng'ombe tena, haihitaji mgonjwa kujaribiwa mzio wiki kadhaa kabla, na inakaa muda mrefu zaidi. Ulaya walikuwa wameanza kuitumia, na Nairobi isingechukua miaka mingi. Unaweza kujaza shavu, kidevu, kona ya mdomo, alisema, kidogo kidogo, mpaka uso ulingane, bila kisu.

Nilimuuliza kama mimi ningeweza kuipata ikifika.

Uso wake ulibadilika. Alikuwa amesahau anazungumza na nani. Alisema hapana, si katika shavu lenye yale mafuta. Sindano nyingine mahali pale ingeweza kuyaamsha, na hakuna daktari mwenye akili ambaye angekubali.

"Kwa nini basi hukuniambia nisubiri?" nikamwambia. "Siku ile ya kwanza. Ungeniambia tu, ngoja miaka mitano."

"Sikujua itatoka. Na nilikuambia urudi tupige chapa," akasema. "Hukurudi."

"Uliniambia pua yangu imeinama."

Alinitazama. Aliitazama pua yangu. "Nilisema hivyo?" akauliza, na niliona kwamba kweli hakumbuki. Maneno niliyoyabeba kila siku kwa miaka, yeye aliyasema na kuyaacha kwenye kiti. Aliniomba radhi, na aliomba vizuri. Sikujua niifanyie nini ile radhi. Nilivaa meno yangu, nikamshukuru, nikatoka.

Wiki ile ile nikasikia kwamba yule mama wa sindano amerudi Migori. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikiwa nimepanga maneno. Saluni ilikuwa na watu chini ya mashine za kukausha nywele, na pazia lilikuwa limefungwa. Mbele yake aliketi msichana wa miaka ishirini hivi, amevaa nguo nzuri, akisubiri zamu. Uso wake ulikuwa kama nyuso ambazo watu huweka kwenye kalenda. Nilimuuliza anataka kujazwa nini. Akasema kidevu. Kuna mtu alimwambia kidevu chake ni kidogo kwa uso wake.

Nilikaa kando yake na kumwambia kila kitu, kwa sauti ya chini, kuanzia jipu. Nilimwonyesha kinundu, nikamwacha akiguse. Nilimwambia amuulize yule mama dawa inaitwaje kabla hajakubali. Alinisikiliza kwa heshima kama watoto wanavyomsikiliza mwalimu.

"Na ile miezi ya kwanza, madam," akaniuliza, "ulikuwaje?"

Ningeweza kudanganya. Nimefikiri mara nyingi kwamba pengine ningepaswa kudanganya.

"Mashavu yangu yalikuwa sawa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, nami nikaona kwamba hapo ndipo alipoacha kunisikia. Pazia likafunguka. Yule mama alinitambua mara moja. Alisema kwa ile sauti yake ya chini kwamba damu ya kila mtu ni tofauti, na yangu ilikataa dawa. Msichana alimuuliza dawa inaitwaje, kama nilivyomfundisha. Akajibiwa kwamba ni dawa ya kutoka nje. Akanitazama kana kwamba swali limejibiwa, akaingia. Nilisimama nikasema kwa sauti kwamba chupa haina hata karatasi ya jina, nikaanza kulivuta pazia, na mwenye saluni akanishika mkono akanitoa nje, bila kunisukuma, akiniita mwalimu kila baada ya neno.

Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye veranda ya duka la vitambaa. Mwenye duka, mzee Mwislamu ambaye nilikuwa nikinunua kwake kitambaa cha sare, alinipa kiti. Msichana alitoka baada ya kama nusu saa, amebana pamba kidevuni. Nilidhani atageuka asinione. Alivuka akaja moja kwa moja mpaka nilipoketi, macho yakimtoka machozi ya maumivu, akaniuliza kama ni kweli asile kitu kigumu siku tatu. Nikasema ni kweli. Nikamwambia aweke kitambaa safi chenye maji baridi, asifinye, na akisikia kitu kigumu kama njugu asingoje kama mimi, aende Homa Bay, nyuma ya maduka, Jumanne ya kwanza na ya tatu.

Aliniomba nirudie siku. Nikazirudia, naye akazisema pamoja nami, kwa shida, bila kufungua mdomo sana.